Bendi isiyo na ngoma

Swali la wiki hii linamtaka msomaji ataje muziki wa kigeni alioukuta ukubwani, na aeleze ni nini hasa kilichomnasa. Mimi nautaja muziki wa blugrasi, muziki wa nyuzi kutoka kusini mwa Marekani, na nakiri mapema kwamba nilikuwa nimeshatimiza miaka hamsini na minne nilipousikiliza kwa makini kwa mara ya kwanza, baada ya kupiga gitaa la rithimu, lile linaloshikilia mapigo nyuma ya waimbaji, katika bendi za dansi za Morogoro kwa zaidi ya miaka ishirini. Umri na kazi yangu vinahusika katika jibu hili. Kasi ya vidole vya wapigaji hawa ingemvutia mtu yeyote, nami ilinivutia kwa majuma mawili ya mwanzo. Lakini kilichonifanya nisiuache mpaka leo ni jambo ambalo pengine mpiga rithimu huliona kabla ya wengine.

Mlango nilioingilia ulikuwa Bagamoyo. Mpwa wangu alinitumia kwenye simu kipande cha filamu ya Béla Fleck, mpiga banjo aliyezaliwa New York mwaka 1958, ambaye mwaka 2005 alifunga safari ya Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akiifuata asili ya ala yake. Safari hiyo ilizaa filamu na albamu zenye jina moja, Throw Down Your Heart, ambalo ni tafsiri ya maneno yetu wenyewe, “bwaga moyo”, yale ambayo wengi huyahesabu kuwa ndiyo chimbuko la jina la mji huo wa pwani. Hapo ndipo nilipomwona amekaa na Anania Ngoliga, mpiga malimba wetu asiyeona, ambaye baadaye yeye na mwanamuziki mwenzetu John Kitime walipanda majukwaa ya Marekani pamoja na Fleck. Nilitarajia kumwona mgeni akionesha ubingwa wake na mwenyeji akitabasamu kwa adabu, kama ilivyo desturi ya filamu za namna hiyo. Badala yake niliona mtu mwenye uwezo wa kupiga noti nyingi kuliko anavyoweza kuzihesabu msikilizaji akizipunguza, akitafuta upenyo mdogo kati ya vyuma vya malimba, akiweka noti mbili tatu na kutoka. Nikasema moyoni, huyu amelelewa na bendi. Nilitaka kujua ni bendi ya namna gani inayomlea mtu hivyo.

Kuhusu asili ya banjo nitasema machache, ingawa yanastahili jibu lao peke yake. Ala hiyo iliundwa na Waafrika waliopelekwa utumwani katika visiwa vya Karibi na bara la Amerika, kwa kibuyu kilichowambwa ngozi, na ndugu zake bado wapo Afrika Magharibi. Mmojawapo ni akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia, yenye uzi mmoja mfupi unaopigwa kwa kidole gumba, kama ulivyo uzi wa tano wa banjo ya leo. Baadaye Wazungu wa milimani waliichukua, wakaizoea, na vizazi vikaja kuamini kwamba ni ya kwao tangu mwanzo. Hata Bill Monroe wa Kentucky, anayeitwa baba wa blugrasi, alipokuwa kijana alipiga kwenye madansi ya kijijini pamoja na Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla Mweusi, na hakuficha kwamba alijifunza mengi kwake. Monroe ndiye aliyeunda bendi ya Blue Grass Boys, akaipa jina hilo kwa heshima ya jimbo lake linalosifika kwa majani yake, na mwaka 1939 ikaanza kusikika katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kutoka Nashville.

Hata hivyo, watu wengi wanaoujua muziki huu husema kwamba ulikamilika Desemba 1945, alipojiunga na bendi hiyo kijana wa miaka 21 kutoka North Carolina aliyeitwa Earl Scruggs. Yeye alipiga banjo kwa vidole vitatu, yaani gumba, cha shahada na cha kati, vilivyovishwa kucha za bandia, vikizunguka bila kusita hivi kwamba noti zilimwagika kama mchele unaotoka guniani. Nilipoupunguza mwendo wa mzunguko wake mmoja kwenye simu na kuuhesabu kwa kalamu, nilikuta noti nane ambazo mkazo wake umegawanywa tatu, tatu, mbili. Mpiga dansi yeyote wa Tanzania au wa Congo anayajua mafungu hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyo ndani ya rumba. Niliiweka kalamu chini nikacheka peke yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Bendi ya blugrasi haina ngoma. Ina banjo, mandolini (ala ndogo ya nyuzi inayofanana na gitaa), gitaa kavu, fidla na besi kubwa ya kusimama, na mara nyingi gitaa linalolazwa na kuchezwa kwa kipande cha chuma, liitwalo dobro. Nyimbo zake nyingi huenda kwa mwendo ambao sisi tungeufikia kwenye chemko tu, ile sehemu ya wimbo yenye mwendo mkali, wakati mpiga tumba ameshavua shati. Nani basi anayeshika mapigo? Besi hushika pigo la kwanza na la tatu. Pigo la pili na la nne hushikwa na mandolini, na namna inavyofanya hivyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nilikuja kuiona kwa Sierra Hull, binti wa Tennessee ambaye mwaka 2016 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa tuzo ya mpiga mandolini bora wa mwaka na chama cha kimataifa cha blugrasi. Nilimtazama kwa nusu ya mwendo, kisha kwa robo. Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa mbilimbili, na sauti za nyuzi hizo hupangwa kama za fidla. Vidole vya mkono wa kushoto vinabonyeza nyuzi, mkono wa kulia unashuka kwa ukali, na papo hapo vidole vya kushoto vinalegea bila kuachana na nyuzi, sauti ikafa kabla haijazaliwa sawasawa. Kinachobaki ni mlio mkavu, “cha!”, unaofanya kazi ya ngoma ndogo ya pembeni. Ugumu hauko katika kupiga. Uko katika kuachia. Ukichelewa kuachia, sauti inavuja na bendi nzima inaonekana nzito. Ukiwahi, unasikika mgongano wa kile kipande cha plastiki cha kupigia na nyuzi tu. Na yeye anafanya hivyo mara mia mbili katika wimbo mmoja, huku akitazama watu kana kwamba anasubiri basi.

Katika dansi letu kazi zimegawanywa. Mpiga solo ni mpiga solo. Mpiga rithimu, kama mimi, anaweza kumaliza mwaka mzima pasipo kuombwa noti moja ya solo, na wala jina lake halitajwi na mtangazaji. Katika blugrasi kila mmoja ni solo na kila mmoja ni rithimu, na wanabadilishana ndani ya wimbo uleule. Mwimbaji akimaliza ubeti, banjo inashika. Ikimaliza, fidla inapokea. Na aliyekuwa akimeremeta sekunde moja iliyopita anarudi kukata mapigo kwa ajili ya mwenzake. Baadhi ya bendi bado zinafuata desturi ya zamani ya kuzunguka kipaza sauti kimoja, na hapo utaona jambo zuri sana kulitazama: mwenye zamu anapiga hatua mbele, anayemaliza anarudi nyuma kwa ubavu ili shingo ya gitaa isimgonge mtu, na sauti zinapanda na kushuka kwa miguu yao wala si kwa mashine. Kwa hiyo galacha wa muziki huu anapimwa mara mbili, na wajuzi, nilivyokuja kugundua, hutazama zaidi kipimo cha pili.

Mtu aliyenithibitishia hilo ni Tony Rice, aliyefariki Desemba 2020. Gitaa lake lilikuwa Martin D-28 ya mwaka 1935, lenye tundu la sauti lililopanuliwa, ambalo awali lilikuwa la Clarence White, galacha mwingine aliyegongwa na gari na kufariki mwaka 1973. Katika rekodi ya mwaka 1975 ya mpiga banjo J.D. Crowe na bendi yake, Rice alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na kando yake walikuwepo Ricky Skaggs na Jerry Douglas, ambao nao wangekuja kuwa majina makubwa. Watu huzisifu solo zake, na wana haki. Lakini ziba sikio lako kwa waimbaji, usikilize gitaa lake likiwa nyuma yao: mkono wa kulia hausimami, noti za besi zinatembea kati ya sehemu moja na nyingine kama mtu anayezijua njia za panya za mtaa wake, na mara moja moja anaruka pigo ambalo ulikuwa na hakika kwamba litakuja. Nimekisikiliza kipande kimoja cha rithimu yake kwa miezi mitatu, na bado sijui anaamua lini kuruka.

Blugrasi ya kisasa ilianza, kwa maoni yangu, pale vijana walipothubutu kuubadilisha muziki wa wazee wao. Sam Bush wa Kentucky na wenzake waliunda New Grass Revival mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakafuga nywele, wakaingiza roki na jazi, na wazee wakanung'unika kama wazee wetu walivyonung'unikia gitaa la umeme. Fleck alijiunga nao mwaka 1981. Chris Thile wa California ameifikisha mandolini mahali ambapo Monroe hakupaota. Mwaka 2013 alitoa rekodi ya muziki wa Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, kwa mandolini peke yake, rekodi ninayoiheshimu sana na kuisikiliza mara chache. Michael Cleveland, mpiga fidla wa Indiana aliyezaliwa haoni, namsikiliza mara nyingi zaidi, kwa sababu upinde wake una hasira na furaha kwa pamoja. Molly Tuttle mwaka 2017 alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa tuzo ya chama kile kwa upande wa gitaa, na Billy Strings wa Michigan amewapeleka vijana kwenye kumbi kubwa ambazo zamani zilikuwa za roki. Anayetaka kuwasikia wengi wao mahali pamoja aitafute albamu ya Fleck ya mwaka 2021, My Bluegrass Heart, ambamo takriban wote niliowataja katika aya hii wamo.

Sitaki nionekane nimelewa mapenzi. Zipo rekodi za kisasa ambazo ni mbio za ng'ombe, kila mtu anataka kufika wa kwanza, na ukimaliza kuzisikiliza hukumbuki hata wimbo wenyewe. Mashairi nayo, kwa masikio yaliyolelewa na utunzi wa Mbaraka Mwinshehe, mengi yanazungukia treni, mama aliyefariki na nyumba iliyoachwa mlimani. Ninayavumilia kwa ajili ya mandolini.

Mandolini yenyewe sina. Nina gitaa kavu, ambalo sisi wa zamani tunaliita galatoni, na kipande cha plastiki nilichokikata kwenye kadi ya simu iliyokwisha. Kila alfajiri, kabla mke wangu hajawasha redio, najizoeza kukata pigo la pili na la nne kwa mtindo wa Sierra Hull. Kidole changu cha pete, kilichozoea miaka ishirini ya kubonyeza na kukaa, hakitaki kulegea. Kinachelewa kwa kiasi ambacho mtu mwingine asingekisikia, ila mimi nakisikia.

Mwezi uliopita tuliitwa kupiga kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, kijana mmoja na kinanda chake, mwenzangu wa zamani na gitaa la solo, na mimi. Katikati ya wimbo wa tatu umeme ulikatika, kinanda kikanyamaza pamoja na ngoma zake zote, na wageni wakageuka kututazama. Nilichukua galatoni langu nililokuwa nimeliegemeza ukutani, nikaanza kukata, “cha!”, “cha!”, mwenzangu akasogea karibu na gitaa kavu aliloazima kwa mwenye nyumba, na mama mmoja wa kwaya akaendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulivuka beti mbili salama. Kwenye ubeti wa tatu nilimpa mwenzangu ishara ya kichwa ashike solo, naye, kwa mazoea ya miaka mingi, akaishika na hakuirudisha tena. Mwendo ukapanda, mama akaanza kumeza maneno, na wimbo tulioanza taratibu tukaumaliza tukiwa tunakimbia. Umeme uliporudi kijana wa kinanda aliniuliza ule mlio wa “cha” nilikuwa nautoa wapi. Nilimwambia alete simu yake.