Ukipangwa kwenye ghorofa linalojengwa juu ya treni

Mgeni anapoletwa saiti yetu, swali lake la kwanza huwa ni ghorofa ngapi. Mimi humuuliza handaki la treni liko wapi. Akinionyesha mchoro, namwambia hajanijibu bado.

Machi 2013 jijini London, mashine ya kuchimba mashimo ya nguzo za msingi ilitoboa handaki la reli karibu na kituo cha Old Street. Lilikuwa mita kama 13 chini yake, na halikuonekana kwenye ramani walizokuwa nazo wajenzi. Dereva mmoja aliona maji yanamwagika, ikatumwa treni isiyo na abiria kukagua, ikakuta vyuma vya kuchimbia vimeangukia humo ndani. Hakuna aliyeumia. Kwa hiyo mpimaji ashuke mwenyewe handakini kabla hujaruhusu mashine iwashwe.

La pili huwashangaza wengi. Tumezoea kuhofia uzito wa jengo, lakini ukichimba shimo la msingi unaondoa udongo uliokuwa umelikandamiza handaki, nalo huinuka. Ndiyo maana tunachimba kipande, tunamwaga zege, ndipo tunafungua kingine. Singapore huruhusu handaki lisogee milimita 15 tu, Hong Kong 20. Hiyo 15 ni kama upana wa kidole chako.

Handakini tunafunga vioo vidogo vya kupimia kama limesogea, na vipimo vyake utavisoma kila asubuhi. Kipimo cha kioo kimoja kikiruka peke yake huku vioo jirani vimetulia, huenda kioo kimegongwa, au kimeshika vumbi la breki za treni. Toa taarifa hata hivyo. Safu nzima ikisogea, simamisha kazi, simu baadaye.

Ruhusa ya kuingia relini ni usiku, saa chache mno, na nusu yake huishia kungoja umeme ukatwe na kuhesabu vifaa. Niliwahi kupoteza dakika arobaini nikitafuta nyundo iliyokuwa kwenye buti la gari la mwenzangu. Tangu siku hiyo nahesabu mwenyewe, wakati wa kuingia na wa kutoka.

Mwisho, mtetemo. Tangu miaka ya 1960, jengo la Albany Court, juu ya kituo cha St James's Park kule London, lilipokalishwa juu ya vipande vinene vya mpira ili mtetemo wa treni usipande, njia hiyo imeenea. Wengine hutumia springi. Kinachoiua ni uchafu. Kati ya jengo na sehemu inayotikisika lazima pabaki nafasi tupu. Kipande cha mbao za kumwagia zege, au bonge la zege lililodondoka, au bomba lililofungwa kwa nguvu pande zote mbili, vyote hupitisha mngurumo hadi chumbani kwa mtu, na ukishaziba huwezi kuvifikia tena. Nenda na tochi, ulale kifudifudi, uangalie nafasi yote. Mimi nimewahi kutoa humo kiatu.