nRF24L01 yenye antena inasoma ila haitumi: adapta inasaidia, ila iangalie unailisha nini

Mkuu umeuliza kwamba nRF24L01 yako (moduli ya redio ya kutumiana data bila waya) ile yenye antena ndefu ukiichomeka kwenye Arduino Uno inatoa taarifa zake zote vizuri kwenye seriali monita, ila ukituma meseji upande wa pili hakifiki kitu au inafika moja nne zinapotea, na kuna mdau kakwambia nunua kile kibodi cha adapta chenye soketi ya pini nane. Kakushauri vizuri kabisa, mimi nakitumia kwenye mradi wangu wa kupima maji kwenye tangi, sensa iko juu ya tangi na skrini iko ndani ya nyumba. Ila watu wengi wanakichomeka bila kujua kinafanya nini halafu wanarudi kulalamika moduli ni feki.

Tatizo lako karibu hakika ni umeme. Chipu yenyewe ya Nordic (kampuni inayoitengeneza) haina makuu, ikituma kwa nguvu yake ya kawaida inakula kama miliampia 11, ikipokea kama 13. Ila hiyo yako ina amplifaya juu yake, na ikituma kwa nguvu zote inaweza kuvuta mpaka miliampia 115 hivi. Sasa pini ya 3.3V ya Uno imeandikiwa mwisho miliampia 50, na Arduino Nano nyingi za bei rahisi hiyo 3.3V inatoka ndani ya chipu ya USB kwa hiyo ndo hali mbaya zaidi. Ndo maana kusoma rejista (zile taarifa zilizohifadhiwa ndani ya chipu) inakubali, pale haili kitu, ila ikifika kutuma volti zinadondoka kwa muda mfupi sana chipu inachanganyikiwa au inajizima. Na usitegemee maltimita ikuonyeshe hilo, maltimita ni nzito, itakuandikia 3.3 imetulia kabisa wakati kudondoka kumeshatokea na kupita.

Kabla hujatumia hela jaribu hivi, kwenye programu weka setPALevel (nguvu ya kutuma) iwe RF24_PA_MIN, yaani ndogo kabisa, na spidi iwe 250 kbps, halafu tenganisha moduli mbili mita kadhaa, usiziweke meza moja maana hizi za amplifaya zikikaribiana sana mpokeaji anazidiwa na mawimbi. Zikiongea kwa MIN halafu ukipandisha MAX zikanyamaza, hapo ni umeme, usihangaike na programu tena. Ila kama printDetails (ile amri inayotoa taarifa za moduli) inakuletea 0x00 tupu au 0xff tupu kila mstari basi hiyo ni waya, rudia kuunga pini za data MOSI, MISO, SCK na CSN kwanza, adapta haitakusaidia chochote.

Sasa adapta yenyewe. Pale juu kuna regyuleta (kishusha volti) AMS1117 ya 3.3V na kapasita zake, basi, hakuna kingine cha ajabu. Faida yake kubwa ni kwamba regyuleta na kapasita viko karibu kabisa na moduli, umeme hausafiri kwenye waya za jampa nyembamba na matundu ya bredibodi yaliyolegea. Lakini AMS1117 inahitaji iingiziwe volti zaidi ya inazotoa, kama volti 1 na kidogo juu. Kwa hiyo VCC ya adapta (pini ya kuingizia umeme) inaenda kwenye 5V, SIYO 3.3V. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hili ndo naliona kila siku, mtu ameshazoea kuambiwa nRF ukiipa 5V inaungua (na ni kweli, mwisho wake 3.6V) basi akiweka adapta anaendelea kuilisha 3.3V, moduli inabaki na volti 2 na kitu, inafanya kazi kigugumizi. Pini za data hazina shida, nRF inavumilia 5V kwenye hizo, unaunga moja kwa moja.

Kabla hujachomeka moduli, washa adapta tupu upime kwenye soketi kati ya tundu la GND na la VCC, ukiona 3.3 ndo uchomeke, na uhakikishe pini namba 1 ya moduli ambayo ni GND imekaa kwenye GND. Mimi huwa naongeza na kapasita ya mikrofaradi 100 nasolda moja kwa moja kwenye pini za moduli, ni ya bei ndogo na tofauti unaiona. Halafu kama kwenye hiyo hiyo 5V umeunga na servo, itenganishe, servo ikivuta 5V inashuka na adapta inashuka nayo. Chukua 5V nyingine kutoka chaja ya simu, GND ziunge pamoja.

Pale ambapo SIKUSHAURI adapta ni kwenye betri. Upande wa tangi natumia selo ya lithiamu ya 18650, ikijaa ni 4.2V, muda mwingi iko 3.7V, toa volti 1 ya AMS1117 unabaki na 2.7 hivi, amplifaya inakosa nguvu na umbali unakatika. Kibaya zaidi AMS1117 yenyewe inakula kama miliampia 5 hata moduli ikiwa imelala, betri ya mAh 2000 inaisha kwa siku kama 16 bila kutuma hata meseji moja, na bado hujahesabu kile kitaa chekundu cha adapta. Kwa betri weka regyuleta ya HT7333 au MCP1700, zote zinatoa mpaka miliampia 250, zinajilia mikroampia chache tu, na zinaridhika na tofauti ndogo ya volti. Angalia mpangilio wa miguu kwenye datashiti kabla ya kusolda, kapasita usiiache.

Na yule aliyeuliza kama anaweza kutumia wazo hilo hilo kwa ESP-01 (moduli ndogo ya WiFi), kwenye umeme ndiyo, ile nayo ina njaa kweli ikituma. Ila pini zake za data siyo za 5V, hakikisha adapta utakayonunua inashusha na volti za data, siyo regyuleta peke yake.

Mkuu ukishapima hiyo soketi weka hapa namba uliyoipata na useme unalisha kutoka wapi, USB au betri, tuendelee.