Nyati wa Mlima Meru: kabla hujatoka Dar

Mdogo wangu, umeuliza mkikutana na nyati njiani Meru mfanyeje, maana nyie watatu wa Mbagala porini mmezoea kupaona kwenye tivii tu. Swali zuri sana, wengi wanawaza baridi tu.

Kwanza pale hampandi wenyewe, lazima muwe na askari wa hifadhi mwenye bunduki, so msimuache mkakimbilia mbele eti mna pumzi. Kipande cha kuchunga ni huku chini, kutoka geti la Momella mpaka Miriakamba, mabanda ya kwanza ya kulala, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari, nyati wanakula kwenye majani na wengine wamejificha vichakani. Ukikuta mavi bado yanafuka moshi ujue mwenyewe hajafika mbali, nyamazeni, sogeleaneni, mwangalieni askari anafanya nini. Anayenitisha zaidi ni dume zee liko peke yake, kundi mara nyingi linaondoka lenyewe lakini hilo zee linaweza kukujia bila onyo, na mbio hushindi, linapita kilomita 50 kwa saa, we tafuta mti upande au ujibanze nyuma yake.

Selfi na twiga hapana jamani, teke lake linaua.

Kima nao usiwape hata ganda la ndizi, wakizoea wanawasumbua wanaokuja nyuma yenu. Na usiku ukibanwa haja usitoke bandani gizani, washa tochi, mulika kwanza pande zote, mwamshe na mwenzio mtoke wawili.