Kukokotoa kani ya msokoto kwenye shafti

Swali: Nina mota ya kilowati 7.5 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika, nayo huendesha mkanda wa kusafirishia mizigo kupitia giaboksi inayopunguza mwendo mara tano. Nimegawanya wati 7,500 kwa 1,450 nikapata 5.17, jibu linaloonekana dogo mno. Nimekosea wapi, na shafti inayotoka kwenye giaboksi iwe na kipenyo gani?

Jibu: Kugawanya nguvu kwa mwendo ni sahihi, ila mwendo huo lazima uwe katika radiani kwa sekunde. Mzunguko mmoja una radiani 2π na dakika ina sekunde 60, kwa hiyo mizunguko 1,450 kwa dakika ni radiani 151.8 kwa sekunde, na 7,500 ÷ 151.8 hutoa newton-mita 49.4. Ndipo ilipotoka kanuni ya mkato ambayo mafundi wengi huikariri: T = 9,550 × P ÷ n, ambapo T ni msokoto kwa newton-mita, P ni kilowati na n ni mizunguko kwa dakika.

Hata hivyo, 49.4 ni msokoto wa shafti ya mota. Shafti unayoiulizia huzunguka mara 290 tu kwa dakika, na kwa kuwa nguvu ni ileile, msokoto wake hupanda hadi newton-mita 247. Giaboksi hupoteza sehemu ndogo ya nguvu, lakini nakushauri usiipunguze katika hesabu hii, kwani kuiacha kunakuweka upande wa usalama.

Kuhusu kipenyo, tumia d³ = 16T ÷ (πτ), ambapo d ni kipenyo na τ ni mkazo wa kukata unaoruhusiwa. Kwa shafti ya chuma cha kawaida yenye mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachofunga gia au puli kwenye shafti), mkazo wa kukata wa megapaskali 40 ni kikomo cha tahadhari, nao hutoa milimita 31.6. Usiishie hapo, maana mota inayowashwa moja kwa moja, huku mkanda ukiwa tayari umebeba mzigo, inaweza kutoa msokoto maradufu wakati wa kuanza. Ukiweka newton-mita 494 utapata milimita 39.8, hivyo chagua 40, ilimradi shafti imeungwa kwa kapilingi (kiungo cha shafti mbili) iliyonyooka. Ikiwa inavuta kwa mnyororo, mvuto huo huipinda pia, na lazima mkazo wa kupinda uingizwe katika hesabu kabla hujaagiza chuma.