Funga Macho Kwanza, Usikilize Helikopta

Mmeuliza wiki hii: ni filamu ipi ya zamani, ya kijana anayekulia mtaa mgumu, mngempa mtu anayejifunza kutengeneza filamu, na atafute nini ndani yake? Jibu langu ni Boyz n the Hood ya John Singleton, iliyotoka Julai 1991. Ila asianze kwa kuitazama. Kwanza aisikilize.

Inaanza na kiza. Unasikia milio ya risasi, redio ya polisi, mtoto analia, na juu ya yote helikopta. Yanakuja maandishi: mwanamume mmoja kati ya kila 21 wa Wamarekani weusi atauawa, na wengi wao watauawa na mwanamume mweusi mwenzao. Kisha kamera inasogelea alama ya barabarani ya kusimama, na nyuma yake ndege inapasua anga, inakwenda zake. Hakuna mtu aliyetokea bado, lakini mtaa umeshajengwa: kuna wanaoondoka na kuna wasio na pa kwenda. Hiyo ni South Central, Los Angeles, na helikopta ile haitakuacha mpaka mwisho. Watu wanazungumza sebuleni nayo ipo. Usiku wamelala, ipo.

Hapa ndipo wengi wanaoiga wanapokosea. Wanachukua bunduki, wanaacha sauti. Wanarekodi maneno ya waigizaji tu, wakifika kwenye kuhariri wanakuta kila wanapokata picha sauti inakatika nayo, basi wanamwaga muziki mwanzo mwisho kuficha mashimo. Dawa yake haigharimu kitu. Kila mahali unapopiga picha, nyamazisha watu wote urekodi sekunde 60 za ukimya wa pale pale, kabla hujahamisha hata kiti. Halafu rudi mtaani bila kamera, alfajiri, mchana na usiku, urekodi bodaboda, adhana, jenereta la kinyozi, mama anayemwita mtoto. Unapohariri, maneno yafike karibu desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti, ambapo sifuri ndiyo juu kabisa, na sauti ya mtaa ikae chini yake kwa desibeli 15 hadi 20. Kama unarekodi kwa simu, zima ule mpangilio unaojipandishia sauti wenyewe. Mtu akinyamaza, simu inavuta kelele za nyuma juu, na mtaa wako utasikika kama unapumua.

Jambo la pili ni mbele ya nyumba. Tre Styles, mtoto wa miaka kumi, anapelekwa na mama yake, Reva, kwa baba yake, Furious, baada ya kupigana shuleni. Kazi ya kwanza anayopewa ni reki, akusanye majani yaliyodondoka mbele ya nyumba. Singleton hana haraka hapo. Ng'ambo ya barabara wanakaa Doughboy na Ricky, mama mmoja, baba mbalimbali, na mama hafichi anayempenda zaidi. Vibaraza viwili vinavyotazamana vimekwisha kueleza tofauti ya watoto hawa kabla hawajakua. Sehemu hiyo ya mwaka 1984 inakula karibu theluthi moja ya filamu yenye dakika 112. Mwanafunzi mwenye pupa angeifupisha iwe dakika tano, kisha ashangae kwa nini watazamaji hawalii baadaye.

Kulia kwenyewe kunatokana na namba. Ricky anahitaji alama 700 kwenye mtihani ili apate nafasi ya kucheza mpira wa Kimarekani chuo kikuu. Anatumwa dukani pamoja na Tre, gari jekundu linawazungukia, wanaachana kwenye kichochoro, anapigwa risasi. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa anakwangua tiketi ya bahati nasibu. Mwili unabebwa hadi sebuleni kwa mama. Baadaye mama anafungua bahasha ya majibu: 710. Tazama mpangilio huo: bahasha ingefunguliwa kabla ya risasi tungepata huzuni ya kawaida. Ikifunguliwa baada ya risasi, haivumiliki. Na tiketi ile ni karatasi ndogo tu, haina gharama yoyote kwa idara ya vifaa.

Singleton alikuwa na miaka 23 filamu ilipotoka, na aligoma kuutoa muswada wake aongoze mtu mwingine. Alipiga picha kwa kufuata mtiririko wa hadithi, tangu mwanzo kwenda mwisho, na mwenyewe alisema kazi ya kamera inazidi kuwa nzuri kadiri filamu inavyosonga kwa sababu alikuwa anajifunza njiani. Utaratibu huo una gharama, maana unarudi eneo lile lile mara nyingi. Ila kwa filamu fupi ya nyumba mbili na barabara moja, na waigizaji wasio na uzoefu, naushauri bila kusita.

Haikosi kasoro. Furious anahubiri mno, hasa pale anapoeleza kwa nini ardhi ya watu weusi inashushwa thamani. Wanawake wameandikwa kwa haraka, isipokuwa Reva anapomwambia Furious mgahawani kwamba alichofanya yeye kwa mtoto, akina mama wamekifanya tangu zamani. Sentensi chache, na hotuba zote za Furious zinapata jibu.

Mwisho, aangalie Doughboy anavyoondoka. Yeye na Tre wamekaa barazani asubuhi, wanaongea taratibu. Anainuka, anavuka barabara kurudi kwao, na katikati ya hatua anafifia, anatoweka kwenye picha. Maandishi yanasema alimzika ndugu yake kesho yake, na wiki mbili baadaye yeye pia akauawa. Mauaji hayo hayaonyeshwi. Mwanafunzi arudie sekunde hizo mara tatu, ya tatu akiwa amefumba macho.