Kikundi kikawa shirika, mkataba ukawa "mwilayaba"

MUULIZE MZEE KIBODI

SWALI: Shikamoo Mzee Kibodi. Mimi ni katibu muhtasi wa kikundi cha akina mama hapa Iringa. Mwaka huu kikundi chetu kimesajiliwa kuwa shirika lisilo la kiserikali, na eneo letu la kazi limetoka kata limekuwa wilaya nzima. Mwenyekiti ameniagiza kila palipoandikwa "kikundi" pawe "shirika", na palipoandikwa "kata" pawe "wilaya". Nina mafaili 412 ya Word katika folda moja. Kijana mmoja alinisaidia kwa faili la kwanza, akabonyeza mara moja yakabadilika yote. Nilipolisoma nikakuta "mwilayaba wa ajira" na "Mkoa wa Wilayavi". Nikaambiwa nijaribu Notepad++, eti inatafuta ndani ya mafaili mengi kwa mpigo. Ikaniambia haijaona kitu. Kazi inatakiwa Ijumaa. Nifanyeje?
Katibu, Iringa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hiyo Wilayavi imenichekesha mpaka mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi akaniuliza kulikoni.

Usimlaumu sana kijana. Mwaka 2014 nilikuwa natengeneza kurasa za tovuti, na mteja mmoja muuza vifaa vya ujenzi akataka bei zake zote zilizoandikwa "sh" ziwe "TSh". Kurasa 90. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, shoka limekuwa "TShoka", ushuru umekuwa "uTShuru" na usafirishaji "usafiriTShaji". Mistari ya majedwali nayo imetoweka, kwa sababu ndani ya msimbo wa ukurasa mlikuwa na neno "dashed", linaloagiza mstari wa vipande vipande, likageuka "daTShed", na kivinjari hakikulielewa. Nikajaribu kurudisha nyuma, "TSh" iwe "sh". Yakarudi, ila kila Shoka la herufi kubwa likarudi shoka dogo. Nilikesha.

Kompyuta haijui neno, inajua herufi zilizofuatana. Uliiambia itafute k-a-t-a; ikazikuta katikati ya m-kata-ba na mwanzoni mwa Katavi, na kwake zote ni halali. Tena Word ina adabu zake: ikikuta herufi kubwa mwanzoni, nayo inaweka kubwa. Ndiyo maana Katavi ilipata W ya heshima.

Sasa tuanze na Notepad++. Haikudanganya. Chukua faili moja la Word, tengeneza nakala yake, mwisho wa jina ufute .docx uandike .zip, kisha lifungue. Utakuta folda, na ndani ya folda iitwayo word mna faili document.xml. Maneno yako yamo humo. Vichwa na vijachini vya kurasa vina mafaili yao pembeni. Kwa hiyo .docx ni furushi lililokandamizwa, na Notepad++ huliona likiwa limefungwa. Hata ukilifungua, usianze kubadilisha humo kwa mkono: Word hupenda kulikata neno moja vipande viwili na kupachika alama katikati, hasa palipowahi kusahihishwa. "Kiku" huku, "ndi" kule. Kwa mafaili ya Word, mwachie Word mwenyewe afanye kazi.

Kabla hujagusa kitu, nakili folda nzima kwenye flashi. Halafu fungua folda yako uanze kupanga, maana si mafaili yote 412 yanayopaswa kubadilishwa, na hapa mwenyekiti wako nitampinga. Muhtasari wa kikao cha miaka mitatu iliyopita uliandikwa mkiwa kikundi, ukasainiwa mkiwa kikundi. Mkataba uliosainiwa vilevile. Ukiingia humo na kuandika "shirika", faili la kompyuta litasema hivi na karatasi yenye saini na mhuri itasema vile, na siku mkaguzi akija au ugomvi ukizuka, wewe ndiye utakayeulizwa nani alibadilisha. Yote yaliyokwisha kusainiwa yahamishie folda ya peke yake, yaache. Yanayobaki ni fomu tupu, barua za mfano, katiba mpya, vipeperushi, maombi ya ufadhili ambayo hayajatumwa. Nitashangaa yakizidi mia.

Tatizo la pili ni la Kiswahili chenyewe, na vitabu vya kompyuta havikufundishi hili. Mwingereza akibadilisha "group" kuwa "organisation" amekaribia kumaliza. Wewe ukibadilisha "kikundi" kuwa "shirika" umeanza, kwa sababu kikundi kina watoto wake: kikundi chetu, kikundi hiki, kikundi kimesajiliwa. Ukimbadilisha mzazi peke yake unapata "shirika chetu kimesajiliwa", na mfadhili akisoma hivyo ataona aibu kwa niaba yenu. Laiti mngejiita "chama" mngepona: kikundi chetu, chama chetu, ngeli ileile, kazi ya dakika moja. Lakini jina limeshasajiliwa.

Basi usitafute neno, tafuta neno na mtoto wake. "Kikundi cha" iwe "shirika la". Hiyo moja inabeba mengi, maana "kikundi chake" itakuwa "shirika lake" na "kikundi chao" itakuwa "shirika lao" bila wewe kuongeza kitu. "Kikundi che" iwe "shirika le", nayo inakupa "letu", "lenu" na "lenye". "Kikundi kime" iwe "shirika lime". Anza na refu kabla ya fupi: ukitanguliza "kikundi kina", basi "kikundi kinachojishughulisha" itakuwa "shirika linachojishughulisha". Tanguliza "kikundi kinacho" iwe "shirika linalo". Wala usijaribu kufupisha zaidi, ukasema "kikundi ki" iwe "shirika li" tumalize. Mimi nilijaribu nilipoipata barua hii, nikapata "shirika limoja" na "shirika lipya".

Bonyeza Alt+F11 ndani ya Word, nenda Insert, halafu Module, ubandike makro hii, yaani orodha ya amri ambazo Word huzitekeleza yenyewe. Mafaili ya kubadilishwa yaweke C:\Kazi, na yote yawe yamefungwa.

Sub BadiliZote()
Dim faili As String, d As Document
Dim s As Range, jozi, i
jozi = Array("kikundi kinacho", "shirika linalo", _
"kikundi kina", "shirika lina", _
"kikundi kime", "shirika lime", _
"kikundi kitakacho", "shirika litakalo", _
"kikundi kita", "shirika lita", _
"kikundi cha", "shirika la", _
"kikundi che", "shirika le", _
"kikundi hiki", "shirika hili")
faili = Dir("C:\Kazi\*.docx")
Do While faili <> ""
Set d = Documents.Open("C:\Kazi\" & faili)
For Each s In d.StoryRanges
Do Until s Is Nothing
For i = 0 To UBound(jozi) Step 2
With s.Duplicate.Find
.Text = jozi(i)
.Replacement.Text = jozi(i + 1)
.MatchCase = False
.Execute Replace:=wdReplaceAll
End With
Next i
Set s = s.NextStoryRange
Loop
Next s
d.Close SaveChanges:=wdSaveChanges
faili = Dir
Loop
End Sub

Hayo maneno StoryRanges ndiyo yanayoipeleka hadi kwenye vichwa na vijachini vya kurasa, maana wengi hubadilisha kurasa zote na jina la zamani likabaki juu kabisa kwenye kichwa cha barua. Weka mafaili matatu tu kwanza, bonyeza F5, uyasome kwa macho. Yakiwa salama ndipo uweke mengine.

Kitakachobaki ni "kikundi" peke yake na watoto waliokaa mbali naye: "Kikundi, kwa idhini ya mkutano mkuu, kitatoa…" au "mjumbe aliyeteuliwa kukiwakilisha". Hiyo "ki" iliyojificha ndani ya "kukiwakilisha" hakuna amri ya kuiona. Printi katiba, keti na mtu mmoja, mmoja asome kwa sauti na mwingine afuatilie kwa kalamu. Sikio la Mswahili hushtuka palipo kosa kabla ya jicho.

Na "kata"? Hiyo usiiweke kwenye makro hata kidogo. Ungeweza kutiki "Find whole words only", mkataba na Katavi zikapona. Lakini Afisa Mtendaji wa Kata bado yupo ofisini kwake na barua zake bado mtamwandikia; ukimgeuza wa wilaya umempandisha cheo bila idhini. Diwani naye ni wa kata. Na chini ya fomu zenu za uanachama, nina hakika, pana mstari wa nukta umeandikwa "Kata hapa". Ctrl+H, "Find Next", moja moja, ukiamua mwenyewe. Ijumaa mwambie mwenyekiti umemaliza fomu na barua, katiba ni Jumatatu.

SWALI: Mzee Kibodi, habari za kazi. Nina tovuti ndogo ya nyumba ya wageni hapa Tanga, kurasa 30 za HTML. Namba ya simu imebadilika. Nifungue moja moja?
Mwenye nyumba, Tanga

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hapana, na wewe Notepad++ inakufaa, kwa kuwa HTML ni maandishi matupu. Nakili folda, bonyeza Ctrl+Shift+F, sehemu ya Filters andika *.html, onyesha folda. Anza na "Find All" uone orodha ya itakayoyagusa. Ukiridhika ndipo "Replace in Files", na ujue hapo Ctrl+Z haikusaidii: mafaili yanaandikwa moja kwa moja kwenye diski.

Namba moja huandikwa kwa sura nyingi. Tafuta inayoanza na sifuri, inayoanza na +255, yenye nafasi katikati, yenye vistari. Halafu tafuta tel: peke yake. Hiyo ndiyo namba iliyofichwa nyuma ya kitufe cha "Tupigie". Ukiisahau, mgeni ataona namba mpya, atagusa, na simu italia kwa mwenye namba ya zamani.