Maswali na Majibu: Regeksi na Mwisho wa Mstari

Swali: Tunafundishwa kwamba nukta katika regeksi (ruwaza za kutafutia matini) hulingana na alama yoyote. Mbona basi hukomea mwisho wa mstari?

Jibu: Sababu ni ya kihistoria, na bado ina mashiko. Ken Thompson, ambaye mwaka 1968 alichapisha mbinu yake ya kutafuta matini kwa regeksi, aliiingiza mbinu hiyo katika QED, kihariri (programu ya kuandikia na kurekebisha matini), na baadaye regeksi zikaendelea kuishi katika kihariri ed na katika grep, programu ya kutafuta matini. Programu hizo mbili za mwisho hulinganisha ruwaza na mstari mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo "alama yoyote" ilimaanisha alama yoyote iliyomo ndani ya mstari husika. Swali la kuvuka mpaka halikuwepo. Kihariri cha leo hushika faili nzima kwa pamoja, na hapo ndipo swali lilipozaliwa.

Kwa maoni yangu, utaratibu wa zamani unapaswa kubaki kuwa chaguo la msingi. Ruwaza `.*` (nukta ikirudiwa mara yoyote) hukamata kadiri inavyoweza, na kama nukta ingevuka mistari bila kuombwa, mtu anayekusudia kufuta maelezo yanayoanzia `#` hadi mwisho wa mstari angefuta kila kitu kuanzia `#` ya kwanza hadi mwisho wa faili. Anayetaka kuvuka na aseme waziwazi: kwa `(?s)` katika lugha za programu Perl na Python, kwa `\_.` katika kihariri Vim, au kwa bendera `s` iliyoongezwa kwenye lugha ya JavaScript mwaka 2018. Kabla ya hapo waandishi wa JavaScript walitumia `[\s\S]` (nafasi au kisicho nafasi, yaani chochote), na ruwaza hiyo bado inafanya kazi.

Swali: Nilitafuta maneno yaliyonukuliwa kwa `"[^"]*"`, nikashangaa kuona aya nzima imekamatwa. Sikutumia nukta hata mara moja.

Jibu: Mabano ya mraba yenye `^` yanasema "chochote isipokuwa alama ya kunukuu", na alama ya mstari mpya si alama ya kunukuu, kwa hiyo inakubaliwa. Ndivyo ilivyo katika Perl, Python na kihariri Emacs. Hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu alama moja ya kunukuu iliyosahauliwa hugeuza jozi zote zinazofuata, na kilichokuwa nje ya nukuu huhesabiwa kuwa ndani. Andika `"[^"\n]*"`, ambapo `\n` ni alama ya mstari mpya. Vim imechagua njia nyingine: mabano ya aina hii hayavuki mstari mpaka uongeze `\_` mbele yake. Naiona njia hiyo kuwa salama zaidi kwa kihariri, kwani inafuata kanuni ileile ya nukta.

Swali: `\s+$` inafuta nafasi za mwisho wa mstari, lakini na mistari mitupu inatoweka.

Jibu: `$` ni mwisho wa mstari, na `\s`, yaani nafasi ya aina yoyote, hujumuisha alama ya mstari mpya katika mifumo mingi. Tumia `[ \t]+$`, inayokamata nafasi na tabo tu.

Swali: Nimepokea faili iliyoandikwa kwenye Windows. Nikitafuta `;$` sipati kitu, ingawa naona nukta-mkato mwishoni mwa kila mstari.

Jibu: Windows hufunga mstari kwa alama mbili, ya kurudi mwanzoni (namba 13 katika ASCII, orodha ya namba za alama) ikifuatwa na ya mstari mpya (namba 10), ilhali Unix hutumia ya pili peke yake. Regeksi inayoitambua namba 10 tu hukuta namba 13 imesimama kati ya nukta-mkato na mwisho wa mstari, nayo haionekani kwenye skrini. Unaweza kuandika `;\r?$`, ambapo `\r?` ni namba 13 ikiwepo, na palipo na `\R`, kama katika Perl na Java tangu toleo la 8, alama hiyo hulingana na mwisho wa mstari wa aina zote mbili.

Hata hivyo, mzigo huu haupaswi kumwangukia mtumiaji. Kihariri kinapofungua faili kinapaswa kuutambua mtindo wake, kuuchukulia kila mwisho wa mstari kuwa alama moja tu inayotafutwa kwa `\n`, na kuurudisha mtindo uleule wakati wa kuhifadhi. Faili ikiwa imechanganya mitindo, kisifiche: Vim, kwa mfano, huonyesha `^M` penye namba 13 iliyobaki, na kwa kufanya hivyo humwezesha mhariri kuitafuta na kuiondoa kwa kujua anachofanya.

Swali: Katika Vim nilibadilisha koma kwa `\n` ili kila neno liwe na mstari wake, nikapata `^@` badala ya mistari.

Jibu: Katika Vim, `\n` upande wa kutafuta ni mwisho wa mstari, lakini upande wa kubadilisha huingiza alama yenye namba 0, ambayo ndiyo hiyo `^@`. Mstari mpya huletwa na `\r`, kwa hiyo amri yako iwe `:%s/,/\r/g`. Nasikitika kwamba alama moja imepewa maana mbili ndani ya amri moja. Anayeunda kihariri kipya ahakikishe kwamba `\n` inayotafutwa ndiyo hiyohiyo inayoandikwa.